Msimu wa Korosho na Dawa za Kifafa



Kila mwaka korosho zinapoanza kuanguka, sisi wauguzi huku Nachingwea hulijua jambo moja kabla halijatokea: wagonjwa wetu wa kifafa watapungua dirisha la dawa. Familia zinahamia mashambani, kibanda kinajengwa chini ya mikorosho, na safari ya hospitali inaahirishwa mpaka mnada upite. Majuma machache baadaye baadhi yao hurudi, lakini hawaji kwa miguu yao. Huletwa kwa pikipiki, wamebanwa katikati ya watu wawili ili wasianguke.

Tunamkumbuka kijana mmoja wa miaka 16. Alikuwa amemaliza mwaka na miezi miwili bila kuanguka hata mara moja. Familia ilihamia shambani upande wa Ruangwa ikiwa na dawa za siku kumi. Dawa zikaisha. Siku ya kwanza hakuanguka, ya pili hakuanguka, ya tatu vilevile. Siku ya sita alianguka alfajiri, na kabla hajapata fahamu akashikwa tena, na tena. Alifika kwetu saa nane mchana.

“Mama, dawa alikunywa lini mara ya mwisho?” tulimwuliza.

“Sista, si alikuwa ameshapona? Tukasema tungoje tuuze korosho kwanza.”

Hatukumgombeza. Kijana aliishi, ila kwa majuma mawili alikuwa akihangaika kulitafuta jina la mdogo wake. Tunaliandika jambo hili kwa sababu mama yule hakuwa mzembe. Aliona kwa macho yake kwamba siku tatu zimepita bila dawa na mtoto ni mzima. Nani asingeamini?

Ukweli ni huu: fenobabitoni, ambayo ndiyo dawa wanayopewa wagonjwa wetu wengi, hutoka mwilini polepole sana. Mtu akiacha leo, bado ina nguvu kiasi kesho na keshokutwa. Kwa hiyo siku za mwanzo hupita salama, na usalama huo ndio unaodanganya. Ubongo uliokuwa umezoea kutulizwa unapojikuta bila kitulizo, mishtuko hurudi kwa nguvu kuliko ya zamani. Mshtuko unaofuatana na mwingine bila mgonjwa kupata fahamu katikati ni hatari kubwa na huweza kuua.

Dawa zenye kutaka uangalizi wa pekee

Yako magonjwa ambayo dawa yake haitoshi kununuliwa tu. Huko Ulaya na Marekani kuna ugonjwa wa neva uitwao multipo sklerosisi, ambao kinga ya mwili hugeuka na kushambulia utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo. Baadhi ya wagonjwa hao wana wafamasia wao maalumu. Mfamasia huwapigia simu kabla dawa haijaisha, huwafundisha kujichoma sindano, huuliza madhara, huangalia kama dawa nyingine wanazotumia zinagongana na ile. Kwetu ugonjwa huo hatuuoni mara nyingi. Kifafa tunacho, na chataka uangalizi wa namna ileile, hata kama kidonge chake ni cha bei ndogo.

Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, na kwamba hadi 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetibiwa ipasavyo. Tena si ugonjwa wa kuambukiza. Mate ya mgonjwa hayampi mtu kifafa, wala kumshika anapoanguka, wala kula naye sahani moja.

Nchini mwetu funzo hili la dawa kutokukatika lilipatikana zamani, kule Mahenge. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa miongoni mwa Wapogoro mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliwakuta wagonjwa wametengwa na wengi wana makovu ya moto. Aliwapa fenobabitoni kwa mpango maalumu, na karibu nusu yao mishtuko ilikoma kabisa. Mwaka 1992 yeye na daktari mwenzake, Rwiza, walichapisha habari za wagonjwa 164 wa kliniki ile waliofuatiliwa kwa miaka 30. Habari ya kusikitisha ndani ya taarifa ile ni kwamba dawa zilipoishiwa pale, hali ya wengi ilizorota, na wengine walikufa kwa mishtuko ya mfululizo. Dawa ilikuwa imeonekana kufaa, na wagonjwa walikuwa tayari kuinywa. Kilichokosekana ni dawa kufika.

Kwa nini dawa huishiwa?

Hapa tunapenda tuseme wazi, maana lawama hutufikia sisi wa dirishani. Mara nyingine kosa liko juu yetu au juu ya wanaotuletea. Lakini kuna jambo ambalo wasomaji wengi hawalijui. Hospitali huagiza dawa kwa kuangalia zimetumika kiasi gani miezi iliyopita. Wagonjwa 20 wasipokuja msimu wa korosho, daftari litaonyesha kwamba dawa iliyotumika ni kidogo, na oda inayofuata itakuwa ndogo. Mvua zikianza na wote 20 wakarudi pamoja, dawa haitoshi, na anayekosa anaweza kuwa yule ambaye hakukosa tarehe hata moja.

Kwa hiyo unapokuja tarehe yako unaisaidia hata familia ya jirani. Kama unajua utahamia shambani, njoo mapema utuambie unakwenda wapi na utakaa muda gani, ili daktari aangalie kama anaweza kukuandikia dawa ya miezi zaidi. Akina mama wengi huona haya kuomba hivyo. Ombeni. Wenzetu wa kliniki za Virusi vya UKIMWI, ambazo huduma yake ya dawa ilianza nchini mwaka 2004, wamezoea: wana kadi, wana tarehe, asiyefika hutafutwa, na aliyetulia hupewa dawa ya miezi kadhaa. Hatuoni sababu ya mgonjwa wa kifafa kupanga foleni moja na mwenye mafua, na asipofika asiulizwe na mtu.

Kama mvua imekata barabara na mgonjwa hawezi kusafiri, ndugu anaweza kuja na kadi yake. Asije na maneno matupu kwamba “ni vile vidonge vyeupe”. Vidonge vyeupe ni vingi.

Msihesabu vidonge tu

Hili limewahi kutuletea shida. Fenobabitoni hutengenezwa kwa ukubwa tofauti: kuna kidonge cha miligramu 30 na kuna cha miligramu 100. Bibi mmoja alizoea kumpa mjukuu wake vidonge viwili vya 30. Mwezi uliofuata, mahali fulani, alipewa vya 100, na hakuna aliyemweleza. Akampa viwili kama kawaida. Mtoto alilala mchana kutwa, akiamshwa anafumba macho tena. Bahati njema bibi alishtuka akamleta siku ileile pamoja na bahasha ya dawa, nasi tukaijua sababu mara moja. Kila mnapopokea dawa, ulizeni: Je, ni nguvu ileile? Ni ngapi, na saa ngapi? Aliye shuleni asome bahasha kwa sauti nyumbani. Dawa iwekwe pakavu, katika kopo lenye kifuniko, juu, mbali na watoto. Mtoto mdogo akivimeza kama peremende anaweza kuacha kupumua.

Mambo ya kutuambia dirishani

Tuambieni dawa zote mnazotumia, hata za miti shamba. Fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini huyaharakisha maini kuziondoa dawa nyingine mwilini. Miongoni mwa zinazopunguzwa nguvu imo dolutegraviri, iliyomo katika kidonge wanachotumia sasa watu wengi wanaoishi na Virusi vya UKIMWI. Mtu anayechukua dawa ya kifafa dirisha hili na ya virusi dirisha lile, asiseme huku wala kule, anaweza kudhurika pande zote mbili akidhani anafuata masharti. Tunajua siri hiyo ni nzito. Sisi hatuitangazi.

Fenobabitoni huleta usingizi majuma ya kwanza, na watoto wengine badala ya kusinzia huwa watundu kupita kiasi, hawatulii darasani. Msiiache kwa sababu hiyo. Njooni tuzungumze na daktari. Fenitoini huweza kuvimbisha ufizi, nao mswaki wa kila siku husaidia. Jambo moja lisisubiri tarehe: mgonjwa akitokwa na vipele mwilini pamoja na vidonda mdomoni au macho mekundu, hasa majuma ya mwanzo ya dawa mpya, aletwe hospitali siku hiyohiyo, na dawa aje nayo mkononi.

Wasichana na akina mama wanaotumia valproeti wamwone daktari kabla ya kupata mimba, maana dawa hiyo yaweza kumdhuru mtoto tumboni. Aliyekwisha kupata mimba asiitupe kwa hofu. Kuanguka kwa mishtuko kunamhatarisha mama na mtoto pia. Aje upesi, daktari ndiye atakayeamua.

Na uraka! Msimu wa mabibo ndio msimu wa uraka na nipa, na vijana wetu husema kikombe kimoja si kitu. Pombe huamsha mishtuko, na ikichanganyika na fenobabitoni humzamisha mtu katika usingizi usio wa kawaida. Wako wanaoiacha dawa Jumamosi ili wanywe vizuri. Hao tunawapokea Jumatatu.

Kuhusu kumaliza dawa: mgonjwa aliyekaa miaka miwili au zaidi bila kuanguka anaweza kumwomba daktari afikirie kuipunguza. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa miezi, kwa kuandikiwa. Wengine huacha wakawa salama, wengine hubaki nayo maisha, kama mwenye kisukari na sindano yake.

Mtu akianguka mbele yenu, mwondoeni karibu na moto, kisima au panga. Mwekeeni kitu laini chini ya kichwa, mlazeni ubavu mate yatoke, msimtie kijiko wala kidole mdomoni, na msimshikilie kwa nguvu. Angalieni saa. Mshtuko ukipita dakika 5, au ukirudi kabla hajazinduka, tafuteni usafiri mara moja. Mkija, chukueni kadi na bahasha ya dawa hata kama ni tupu.