Maji Yapitayo kwa Jirani

Sisi watu wa pwani twafundishwa habari za maji tangu udogoni. Twajua kuwa maji yakibadilika rangi, au ladha, au harufu kwa najisi, hayafai tena kutawadhia. Lakini liko jambo tulisahaulo: uchafu utokao nyumbani kwetu haukutoweka, umekwenda kwa mwingine. Hilo ndilo somo letu la leo.

Tuutazame mji mdogo wa Wamagana, katika Tetu, karibu na Nyeri. Mtu atauliza: watuhusu nini watu wa milimani? Watuhusu, kwani maji yao hutushukia. Mito ya Chania na Gura hutoka milima ya Aberdare, hupita nchi ya Nyeri, na maji yake huingia Sagana, ambayo ndiyo Tana ya juu. Tana nayo hupita mabwawa ya Masinga na Kiambere, ikateremka Garissa, Hola na Garsen, kisha ikamwagika baharini Kipini, baada ya mwendo wa kiasi cha kilomita 1,000. Basi atawadhaye kando ya Tana atumia maji yaliyokwisha kupita milangoni mwa watu wengi.

Mji mdogo huanza kwa vyoo vya shimo. Nyumba zikiwa chache, udongo hutosha. Zikizidi nyumba, maduka na mikahawa, mashimo hujaa, na mvua ikinyesha uchafu huteremka mtoni. Tena katika nchi ya kahawa kama Tetu yako maji ya kumenyea na kuoshea buni. Hayo hayana kinyesi, lakini yana sukari. Na vijidudu viilavyo sukari hiyo huimaliza hewa iliyomo majini, hata samaki wakafa. Ama kinyesi, hicho huleta homa ya matumbo na kipindupindu. Tusisahau kipindupindu cha Unguja cha mwaka 1869 na 1870, kilichoua maelfu.

Dawa yake si siri. Maji machafu hupitishwa kwanza penye vyuma vya kuzuia matambara na takataka, kisha huingia mabwawa yaliyofuatana. La kwanza lina kina kirefu. Humo uchafu hutua chini ukaoza pasipo hewa. La pili lina kina cha mita 1 au 2. Jua hulipiga, na mimea midogo ya kijani hutia hewa majini. La mwisho ni la kina kifupi. Humo jua na siku nyingi huua vijidudu vya maradhi. Njia hii haitaki mitambo mikubwa. Yataka ardhi, na yataka mwangalizi mwaminifu, kwani tope lisipotolewa, mabwawa hurudi kuwa mashimo ya uchafu.

Kanuni za Kenya za mwaka 2006 ziliweka mpaka: maji yarudishwayo mtoni, uchafu wake usinyonye zaidi ya miligramu 30 za hewa kwa kila lita katika siku 5. Tena zilikataza kujenga kando ya mto kwa upana usiopungua mita 6.

Huenda mtu akauliza: maji hayo yakisafishwa, je, huwa twahara? Mwaka 1978 Baraza la Wanavyuoni Wakuu wa Saudia lilitoa fatwa kuwa yakisafishwa barabara, pasibaki rangi, ladha wala harufu ya najisi, yafaa kutawadhia. Ama kunywa, yaangaliwe kwanza yasidhuru afya.

Wala tusiwanyoshee kidole watu wa bara peke yao. Sisi tuelekezao mifereji ya vyoo vyetu baharini, twamtendea mvuvi yale yale tusiyopenda kutendewa. Mtume (s.a.w.) aliwakataza watu kujisaidia penye mapito ya maji; na je, mfereji si kujisaidia kwa mbali?

Basi yatupasa mambo matatu. Ajengaye nyumba aulize kwanza maji machafu yatakwenda wapi. Aitaye lori la kunyonya choo aulize litamwaga wapi. Na mji ukikusanya fedha za kuleta maji, utenge na za kuyasafisha kabla ya kuyarudisha. Twahara ya mtu haijatimia maadamu jirani yake wa chini anywa uchafu wake.

Wabillahi tawfiki.