Jua Haki Zako: Bima Imepunguza Tiba ya Mwanangu

Swali: Mwanangu ana miaka 7, ana mtindio wa ubongo na kifafa. Tunaishi Kentucky na anatibiwa kwa Medicaid kupitia kampuni ya bima. Daktari bingwa hunirudisha kwa daktari wa kawaida nikatafute kibali, naye huniambia nipigie simu bima. Sasa imekuja barua kwamba mazoezi yake ya viungo yatapunguzwa kutoka mara mbili kwa wiki hadi mara moja. Kliniki, anayenitafsiria ni binti yangu wa miaka 12. Nifanyeje?

Jibu: Mama, anza na barua, kwa sababu muda wake ni mfupi.

Sheria ya serikali kuu ya Marekani inakupa siku 60, tangu tarehe ya barua, kukata rufaa kwa kampuni hiyo. Lakini ukitaka mtoto aendelee kupata mazoezi mara mbili hadi rufaa iamuliwe, usingoje siku hizo 60. Kata rufaa na kuomba huduma iendelee ndani ya siku 10 tangu barua ilipotumwa, au kabla ya siku ya punguzo kuanza, kutegemea ipi inakuja baadaye. Tunza bahasha pia. Daktari anaweza kukukatia rufaa ukimpa ridhaa ya maandishi, ila ombi la kuendelea na huduma ulitoe mwenyewe. Huduma itaendelea iwapo muda wa kibali cha awali haujaisha. Ukishindwa, katika baadhi ya majimbo unaweza kudaiwa gharama hiyo, kwa hiyo uliza mapema.

Rufaa unaweza kuikata hata kwa simu. Andika jina la aliyepokea, siku na saa. Kampuni inatakiwa kuamua ndani ya siku 30. Kama kuchelewa kutahatarisha afya ya mtoto, omba rufaa ya haraka, ambayo huamuliwa ndani ya saa 72. Wakikukatalia, unaweza kudai kusikilizwa na jimbo, na barua ya uamuzi itataja siku ulizonazo. Omba tena pia mazoezi yaendelee, ndani ya siku 10 tangu barua hiyo ilipotumwa.

Hoja yako kubwa ni umri wa mtoto. Kwa aliye chini ya miaka 21, Medicaid lazima igharimie tiba anayoihitaji kiafya, hata kama mtu mzima wa jimbo hilo hapewi tiba hiyo. Mwombe mtaalamu wa mazoezi aandike mtoto atapoteza nini akipata mara moja tu: misuli itakaza vipi, hatua zipi zitarudi nyuma. Una haki pia ya kupewa bila malipo jalada ambalo kampuni ilitegemea ilipoamua.

Ama kuzungushwa kati ya madaktari, kuunganisha huduma hizo ni wajibu wa kampuni ya bima. Sheria inaitaka ikutajie mtu au ofisi inayoratibu matibabu ya mtoto na namna ya kuipata. Mtoto mwenye mahitaji maalumu anatakiwa kutathminiwa. Tathmini ikionyesha kwamba anahitaji tiba ya muda mrefu, kampuni iweke njia ya kumfikia bingwa moja kwa moja, kwa mfano kibali cha kudumu, au idadi ya ziara zilizokubaliwa mapema. Kama hakuna bingwa anayefaa miongoni mwa madaktari wao, wamlipe aliye nje. Piga namba iliyo nyuma ya kadi na useme hivi: "Naomba mratibu wa huduma, tathmini ya mahitaji maalumu, na kibali cha kudumu cha daktari wa kifafa."

Binti yako mpumzishe. Kliniki na bima wanapaswa kukupa mkalimani wa Kiswahili bila malipo, ana kwa ana au kwa simu. Mtoto hatakiwi kutumiwa kutafsiri, isipokuwa kwa muda tu, pale maisha yako hatarini na mkalimani hajapatikana.

Usipojibiwa, tafuta ofisi ya msaada wa sheria kwa wenye kipato kidogo. Kila jimbo pia lina shirika la kutetea haki za watu wenye ulemavu. Nenda na barua, bahasha na orodha ya simu ulizopiga.