SOMO LA AFYA: Kupima Maji ya Mapafu Bila Kuchoma Mwili



Wako wenzetu ambao moyo wao umedhoofika, hausukumi damu ipasavyo. Mwenzetu wa namna hiyo akitua mzigo kila hatua chache, huitwa mvivu. Kumbe huenda mapafu yake yanaingia maji.

Chanzo chake ni hiki: upande wa kushoto wa moyo hupokea damu kutoka mapafuni na kuisukuma mwilini. Ukilegea, damu hurundikana nyuma, presha hupanda katika mishipa ya mapafu, na maji huvuja kuingia mahali pa hewa. Maji hayo hutambuliwa kwa njia tatu zisizohitaji sindano.

1. Mizani. Mgonjwa ajipime kila asubuhi baada ya kukojoa na kabla ya kula, kisha aandike. Lita moja ya maji ni kilo moja. Akiongezeka zaidi ya kilo 2 katika siku 3, amwone daktari asichelewe.

2. Pumzi. Mizani peke yake haitoshi, kwani maji huweza kujaa mapafuni na uzito usibadilike sana. Aangalie kama sasa anahitaji mito mingi zaidi alalapo, au anashtuka usiku akitafuta hewa, au miguu inavimba. Akikosa pumzi ghafla, apelekwe hospitali mara moja.

3. Altrasaundi. Mwaka 1997 daktari Mfaransa Daniel Lichtenstein na wenzake walieleza alama ya mapafu yenye maji katika mashine hii ya mawimbi ya sauti: mistari myeupe ishukayo kutoka juu hadi chini ya picha. Mistari 3 au zaidi mahali pamoja, ikionekana sehemu kadhaa za pande zote mbili za kifua, humtia daktari shaka ya maji. Lakini homa ya mapafu nayo huweza kuleta mistari, kwa hiyo picha husomwa pamoja na dalili za mgonjwa.

Faida ya kupima mapema ni kwamba daktari huweza kurekebisha dawa za kupunguza maji kabla mgonjwa hajalazwa.

Maswali ya kujadiliwa tawini:
(a) Je, chumba chetu cha huduma ya kwanza kina mizani?
(b) Mgonjwa wa moyo hupewa ruhusa ya kwenda kliniki bila kukatwa mshahara?
(c) Nani atamtetea apewe kazi nyepesi?