Paka Wangu Hakuhitaji Cheti

Wanachuo wenzangu, kila mwaka baadhi yetu hupanda ndege kwenda kusoma Marekani. Kabla ya safari tunaelekezwa habari za viza, makoti na wapi utapata unga wa ugali. Habari za kichwa hakuna anayezigusa. Mimi nilimaliza shahada ya kwanza hapa, nikapata ufadhili wa uzamili kule, na ilipofika Februari ya mwaka wa kwanza nikawa silali. Saa nane usiku moyo unakwenda mbio, pumzi inakata, unajua kabisa kwamba unakufa, halafu hufi. Asubuhi unakwenda darasani kama kawaida.

Kilichonisaidia, msicheke, ni paka. Jirani aliyekuwa anahama aliniachia, nikamwita Karafuu. Usiku ukinibana alikuwa anapanda kifuani, nami nahesabu pumzi zake mpaka zangu zinatulia. Tatizo ni kwamba nilikuwa naishi bweni la chuo, na mkataba ulikataza wanyama. Msimamizi akamwona dirishani. Nikapewa siku kumi: paka aondoke, au nilete nyaraka kuthibitisha kwamba ni mnyama wa faraja, yaani mnyama ambaye kuwapo kwake tu kunampa mgonjwa nafuu.

Hapo ndipo nilipopigwa. Niliingia mtandaoni, nikajibu maswali machache, nikalipa kwa kadi hela ya chakula cha wiki mbili. Nusu saa haikuisha nikatumiwa cheti chenye muhuri wa rangi ya dhahabu, namba ya usajili na kitambulisho chenye picha ya Karafuu. Nilikichapisha kwa rangi, nikakipeleka kifua mbele kwenye ofisi inayoshughulikia wanafunzi wenye ulemavu. Mama wa pale akakisoma, akanirudishia taratibu.

"Hiki kinamhusu paka," akasema. "Mimi nahitaji karatasi inayokuhusu wewe."

Nilikasirika, lakini sheria ilikuwa upande wake. Marekani haina daftari la serikali la kusajili wanyama wa faraja, kwa hiyo namba ile haikuwa imesajiliwa popote zaidi ya kwa waliyoniuzia. Haki yenyewe inatoka kwenye sheria ya makazi ya mwaka 1968, ambayo mwaka 1988 iliongezewa ulinzi wa watu wenye ulemavu, na ulemavu huo ni pamoja na wa akili. Inamtaka mwenye nyumba alegeze masharti yake pale mtu mwenye ulemavu anapohitaji hivyo ili aishi na kuitumia nyumba kama wengine. Kwa hiyo kuna mambo mawili ya kuonyesha: kwamba una hali inayokuzuia sana kufanya jambo la msingi, mfano kulala, na kwamba mnyama anakupunguzia hali hiyo. Hakuna paka anayeweza kukuthibitishia hayo, hata akiwa na kitambulisho.

Anayethibitisha ni mtaalamu wa afya mwenye leseni anayekufahamu: daktari, mwanasaikolojia, mshauri nasaha. Anaandika barua yenye tarehe, saini na leseni yake, aeleze kwamba anakuhudumia, una hali ya namna hiyo, na mnyama anakusaidia vipi. Jina la ugonjwa si lazima litajwe. Mwaka 2020 wizara ya nyumba ya kule ilitoa mwongozo uliosema wazi kwamba vyeti vinavyouzwa mtandaoni kwa yeyote anayejibu maswali na kulipa, peke yake havitoshi. Lakini mwongozo huohuo ulikubali barua ya mtaalamu halali anayekutibu kwa njia ya mtandao. Kwa hiyo kosa langu halikuwa intaneti. Hakukuwa na mtu upande wa pili.

Na mtu akikuambia bweni si nyumba ya kupanga, mkumbushe Kearney. Mwaka 2013 mahakama ya shirikisho kule Nebraska iliamua kwamba sheria ya makazi inahusu nyumba za wanafunzi pia, na mwaka 2015 chuo kilichokuwa kimewakatalia wanafunzi wawili kikakubali kuwalipa dola 140,000. Ila haki hii inaishia nyumbani. Darasani na mgahawani anayeruhusiwa kisheria ni mbwa aliyefunzwa kazi maalumu, kwa mfano kumwongoza asiyeona. Kwenye ndege, tangu Januari 2021 mashirika yanaruhusiwa kumhesabu mnyama wa faraja kama mnyama wa kufugwa tu.

Sasa barua niipate wapi, wakati sijawahi kumwambia mtu yeyote? Nikaenda kituo cha ushauri nasaha. Mshauri akanisikiliza, akakataa kuandika siku ileile, hanijui, alisema. California wameliweka hilo kwenye sheria: tangu 2022, mtaalamu hawezi kuandika barua ya mbwa wa faraja kabla hajamhudumia mtu kwa angalau siku 30. Sikuwa California, na nilikuwa na paka, lakini jibu likawa lilelile. Karafuu akahamia kwa rafiki yangu Mkongo aliyepanga nje ya chuo.

Wiki zile zilikuwa mbaya kuliko zote. Kila Alhamisi nakaa kwenye kiti, sina la kusema. Kwetu ukiulizwa unajibu "nimechoka tu", yanaisha. Mara ya nne nikamweleza juu ya baba, aliyefariki wiki ya mitihani yangu ya mwisho hapa chuoni. Sikulia, kwa sababu kesho yake nilikuwa na mtihani. Nikalia pale, mbele ya mgeni, kwa Kiingereza na Kiswahili vikichanganyika.

Barua ilitoka wiki ya sita. Ukurasa mmoja, aya tatu, hakuna dhahabu. Neno "ulemavu" lilinichoma. Nililisoma nikiwa nimesimama kwenye korido, nikakunja karatasi, nikaikunjua tena. Ofisini ilikubaliwa ndani ya siku mbili, wakaomba pia cheti cha chanjo. Karafuu akarudi, akanuna siku nzima chini ya kitanda.

Jioni ile nikampigia mama. Baada ya shikamoo nikamweleza yote, nikaishia kwenye paka.

"Na huyo paka unamlipia kodi?"

"Hapana, mama. Sheria imekataza. Akikwaruza mlango ndiyo nitalipa."

Akanyamaza kidogo. "Na wewe, unalala?"

"Nalala. Jana niliamka saa kumi na moja."