Kurekebisha Prosesa ya Kompyuta kwa Ajili ya Picha na Video za Mafunzo ya Afya

Tuchukulie kwamba mhudumu wa afya huko Makorora, jijini Tanga, anaandaa video ya kuwafundisha wahudumu wa ngazi ya jamii namna ya kuhesabu pumzi za mtoto mwenye kikohozi. Kwa ridhaa ya mzazi, amerekodi kifua cha mtoto wa miezi 8, aliyetulia, kwa dakika 1 kamili. Anapoifungua video hiyo katika programu ya kuhariri, taswira inakwama, inaruka, kisha inaendelea. Anahesabu pumzi 46. Anarudia, anapata 51. Tofauti hiyo si ndogo. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza miezi 12, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni kupumua kwa haraka, dalili inayotufanya tushuku nimonia. Kuanzia miezi 12 hadi kabla ya miaka 5, kiwango hicho ni 40.

Makala haya yanaeleza chanzo cha tatizo hilo, marekebisho yanayofaa, na yale ambayo hayafai kufanywa.

Kwa nini taswira hukwama

Fremu moja ya video yenye upana wa nukta 1,920 na kimo cha nukta 1,080 ina nukta zaidi ya milioni 2. Video ikiwa na fremu 25 kwa sekunde, kompyuta hulazimika kuandaa karibu nukta milioni 52 kila sekunde. Kazi hiyo hufanywa na prosesa, ambayo ndiyo kiungo cha kompyuta kinachokokotoa. Inapozidiwa, programu ya kuhariri huruka baadhi ya fremu ili iende sambamba na sauti.

Hata hivyo, kukwama huko hutokea wakati wa kutazama kazi inapoendelea. Programu inapotoa faili la mwisho, hupitia fremu moja baada ya nyingine, hata ikichukua muda mrefu. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: pumzi zihesabiwe katika faili la mwisho, likichezwa bila kukwama, na zilinganishwe na hesabu iliyofanywa mbele ya mtoto mwenyewe.

Joto la pwani na kasi ya prosesa

Prosesa hutoa joto kila inapofanya kazi. Nyingi za kompyuta mpakato hujipunguzia kasi zenyewe joto lao linapokaribia nyuzi 100 za sentigredi, ili zisiungue. Feni huipoza prosesa kwa kutumia hewa ya chumbani, na haiwezi kuifanya iwe baridi kuliko hewa hiyo. Katika miezi ya joto jijini Tanga, chumba chenye nyuzi 32 huinyima prosesa nafasi ya nyuzi 10 ambayo ingekuwa nayo katika chumba chenye nyuzi 22. Ndiyo maana kompyuta ileile huweza kufanya kazi vizuri asubuhi na kusuasua adhuhuri.

Marekebisho yanayofaa

Kwanza, chomeka chaja. Kompyuta nyingi hupunguza kasi ya prosesa zinapotumia betri.

Pili, fungua mipangilio ya umeme na uchague hali ya utendaji wa juu wakati wa kuhariri. Katika Windows, mipangilio ya kina ya umeme huweza kuonyesha kiwango cha juu na cha chini cha prosesa kwa asilimia. Kiwango cha juu kiwe 100. Kile cha chini kiache kama kilivyo, kwani kukipandisha huongeza joto hata wakati kompyuta haina kazi. Ukimaliza, rudisha hali ya kawaida.

Tatu, katika programu ya kuhariri, ruhusu prosesa ya picha isaidie, ikiwa kompyuta yako inayo. Tengeneza pia nakala nyepesi za video kwa ajili ya kuhariri. Faili la mwisho litatolewa kutoka katika video halisi.

Nne, funga programu usizozihitaji. Weka kompyuta juu ya meza ngumu, si juu ya godoro wala kitambaa, na uhakikishe matundu ya hewa hayajazibwa na vumbi.

Fanya badiliko moja kwa wakati mmoja. Chukua kipande kilekile cha video, pima muda wa kukitoa kabla ya badiliko na baada yake. Daktari anayebadilisha dawa tatu kwa siku moja hawezi kujua ni ipi iliyomsaidia mgonjwa. Na hapa ni vivyo hivyo.

Yasiyofaa

Wapo wanaoilazimisha prosesa kuvuka kasi iliyowekwa na mtengenezaji. Joto lake huongezeka kulingana na kasi na kipeo cha pili cha volti. Ukiongeza kasi kwa asilimia 10 na volti kwa asilimia 10, joto huongezeka kwa takriban asilimia 33. Katika hali ya hewa ya pwani, faida hiyo hupotea upesi prosesa inapojipunguzia kasi. Aidha, kompyuta inayotunza kumbukumbu za wagonjwa isifanyiwe majaribio ya namna hiyo kabisa.

Usibadilishe mwendo wa video ya kuhesabia pumzi, wala usikate sekunde zake. Vilevile, usihariri picha halisi ya uchunguzi. Eksirei ya kidijitali huweza kubeba viwango 4,096 vya weusi na weupe, ilhali picha ya kawaida ya JPEG hubeba 256. Kinachopotea katika ubadilishaji huo huenda kikawa ndicho kivuli alichokuwa akikitafuta daktari. Hariri nakala, na halisi ibaki salama.

Mgonjwa naye ana haki ya kuulizwa picha yake itatumikaje, na ya kukataa bila kunyimwa huduma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za afya. Ficha uso na jina kabla ya kusambaza.

Hitimisho

Kompyuta ya wastani iliyopozwa, iliyochomekwa chaja na kupunguziwa mzigo hutosha kwa video nyingi za mafunzo. Kasi hutuokolea muda, lakini haithibitishi usahihi. Kabla ya kuisambaza video, icheze yote, shika saa, hesabu pumzi kwa dakika 1 kamili, kisha umwombe mwenzako ahesabu pia. Hesabu zenu zisipolingana, video hiyo haijawa tayari kufundishia.