Ugonjwa Ulianza Ulipoitikia "Sawa"

Mdogo wangu, hebu sogea hapa karibu, uweke hiyo simu kando kidogo. Leo hatuongei mambo ya wachumba wala ya karo. Leo nataka tuongee juu ya sindano. Usianze kutazama chini, sikukuita nikuaibishe. Ukiniona nakukaripia ujue ni mapenzi, na ujue pia hauko peke yako. Kuanzia hapa Laiser Hill hadi Kitengela, kuanzia Kajiado mjini hadi Ngong, vijana wanaokimbia wana swali moja wanalouliza kwa sauti ya chini: "Dada, kama wenzangu wanadungwa, mimi nitakula nini?"

Hilo swali halinikasirishi. Wewe ni mkimbiaji, unaamka alfajiri kukiwa na baridi, unamaliza kilomita ishirini kabla wenzako hawajaoga. Mwaka juzi ulipata mbio moja huko Ulaya, ukamaliza wa saba. Ulipotoa fungu la meneja, nauli ya ndege uliyokopeshwa na deni la kambini, zilibaki pesa za viatu na za unga. Lakini nyumbani nani alijua? Wao waliona picha yako uwanja wa ndege. Mama akawaambia wanawake wenzake wa chama kwamba sasa Mungu amekumbuka boma lake. Mjomba akaja na barua ya shule ya binamu yako. Baba, aliyepoteza ng'ombe kwenye ukame ule wa 2022, akasema mvua ikirudi mtanunua wengine. Rafiki yako akakupeleka Kitengela kukuonyesha ploti, hamsini kwa mia, si mbali na lami, eti lipa arabuni tu. Na wewe kila mmoja ukamwitikia: sawa.

Ugonjwa ulianzia kwenye hiyo sawa, mdogo wangu, kabla hujaona kichupa cha mtu yeyote. Uliona haya kusema "sina". Uliona haya kusema goti linauma na msimu huu huenda usikimbie. Sasa una ahadi nne na mguu mmoja mbovu, na mbio za Oktoba zinakuja. Wazee walisema mficha uchi hazai. Aliyeficha umaskini wake akiitwa tajiri hana budi kuutafuta huo utajiri popote, hata gizani.

Na gizani kuna watu wanaokungoja. Usidhani atakuja mgeni mwenye miwani myeusi. Kikulacho ki nguoni mwako. Atakuwa ni mwenzako wa kambini aliyekuazima soksi, au yule muuza dawa unayemwita "daktari" kwa sababu anavaa koti jeupe, au, na hili huniuma zaidi, mtu unayelala naye kitanda kimoja. Mwaka 2018 WADA, shirika la kimataifa la kupambana na dawa michezoni, lilitoa ripoti juu ya nchi yetu. Liliwahesabu Wakenya 138 waliopatikana na dawa zilizokatazwa tangu 2004, na likasema kwamba kwetu jambo hili halina mpango mkubwa wa serikali wala maabara ya siri. Ni watu wa karibu na fursa ndogo ndogo. Niliposoma hayo sikushangaa hata kidogo.

Kitu chenyewe ukikiona utakidharau. Ni kichupa kifupi kuliko kidole gumba, dawa yake haina rangi, na kinataka baridi. Kwa hiyo hukaa kwenye friji ya jikoni nyuma ya maziwa ya mtoto, kimeviringishwa kwenye gazeti. Hiyo ndiyo EPO. Ilitengenezewa watu wanaougua, hasa wagonjwa wa figo, kwa sababu figo nzima ndizo huuambia mwili utengeneze chembe nyekundu za damu, na figo zikichoka damu hupungua. Wewe ambaye figo zako ni nzima ukijidunga, chembe zinazidi, damu inabeba hewa nyingi, unakimbia kama hujui kuchoka. Lakini damu hiyo inakuwa nzito kama uji wa wimbi uliosahaulika jikoni, na moyo wako ndio unaoisukuma usiku kucha. Inaweza kuganda. Inaweza kukuletea kiharusi, na wewe hujafika hata miaka thelathini. Yule "daktari" hatakuwa kando ya kitanda chako siku hiyo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Utaniambia, "Dada, wakubwa walitumia wakatajirika." Haya, tuwahesabu hao wakubwa. Rita Jeptoo alishinda marathoni za Boston na Chicago mwaka 2014. Kati ya mbio hizo mbili, mwezi wa Septemba, walimpima wakakuta EPO. Alifungiwa miaka miwili, kisha mahakama ya michezo ikaifanya minne, na ushindi wa mwaka huo ukafutwa. Jemima Sumgong alikuwa mwanamke wa kwanza Mkenya kushinda marathoni ya Olimpiki, kule Rio 2016. Taifa zima tuliruka. Miezi michache baadaye, Februari 2017, EPO. Akapewa miaka minne. Kisha katika kujitetea akaleta hadithi ya matibabu na karatasi za hospitali ambazo hazikuwa za kweli, na miaka minne ikawa minane. Wilson Kipsang, aliyewahi kushika rekodi ya dunia, yeye alikosa kupatikana mara kadhaa wapimaji walipomtafuta, akatoa picha ya ajali ya barabarani ambayo haikulingana na siku aliyoitaja. Miaka minne. Unaona njia ya mwongo ilivyo fupi? Kosa la kwanza huwa ni dawa, lakini la pili, la kuficha, ndilo mara nyingi huwamaliza.

Na kisa cha Asbel Kiprop kinanisikitisha kuliko vyote. Mwaka 2008 kule Beijing alimaliza wa pili katika mita 1500. Aliyemshinda, Rashid Ramzi wa Bahrain, akapatikana ametumia dawa, na dhahabu ikaja kwa Kiprop. Yaani yeye alijua kwa mwili wake jinsi inavyouma mtu kuvuka mstari mbele yako kwa wizi. Miaka tisa baadaye, Novemba 2017, walimpima Iten, na majibu yakarudi na EPO. Alikana, lakini akafungiwa. Sisemi haya nimcheke. Nasema ili ujue kwamba kuijua haki hakumkingi mtu. Usijiamini kwamba wewe moyo wako ni msafi kwa hiyo huwezi kuanguka.

Halafu kuna mtu ambaye hukumfikiria kabisa. Kule Boston 2014, nyuma ya Jeptoo, alimaliza Buzunesh Deba wa Ethiopia kwa saa 2:19:59. Ndiye aliyekuwa mshindi halali. Lakini utepe hakukata yeye, wimbo wa taifa haukupigwa wake, na pesa za mshindi, dola 150,000 siku hizo, alikaa miaka akizingojea. Naye alikuwa na ndugu nyumbani waliokuwa wakitazama simu. Wewe ukidungwa, kuna binti wa mtu mahali fulani, pengine ni huyo mnayekimbia naye Ngong asubuhi, anayelala njaa kwa ajili yako.

Sasa tuje kwenye "sikujua", maana najua ndilo neno mlilolishika. Mwaka 2025 tulisikia ya Ruth Chepngetich, mwanamke wa kwanza duniani kukimbia marathoni chini ya saa mbili na dakika kumi, 2:09:56, Chicago Oktoba 2024. Machi 2025 mkojo wake ulikutwa na haidroklorothiazidi, dawa ya presha inayomfanya mtu akojoe sana na ambayo inaweza kuficha dawa nyingine. Kiwango cha kuripotiwa ni 20, yeye alikuwa na 3,800. Alieleza kwamba aliugua akameza dawa ya mfanyakazi wake wa nyumbani. Wenye kusimamia uadilifu wa riadha hawakuridhika na maelezo hayo, na hata kama yangekuwa kweli tupu, sheria inasema kilichomo mwilini mwako ni chako. Amepewa miaka mitatu. Lawrence Cherono naye, aliyewahi kushinda Boston na Chicago, alikutwa na dawa ya moyo mwaka 2022, akasema ilikuwa ya mke wake. Miaka saba.

Kwa hiyo nikikukuta tena unapokea kidonge cha jirani kwa sababu kichwa kinauma, tutakosana. Sisi tumelelewa hivyo, najua. Mtu akiugua, jirani anatoa sanduku lake la dawa, na kukataa ni kama kumtukana. Kataa. Mwambie asante mama, lakini kazi yangu hainiruhusu. Na hiyo ya goti, nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengi wenu mnaponaswa bila nia mbaya. Unaenda kliniki, mguu umevimba, daktari mwema kabisa anakudunga triamsinoloni ili uvimbe ushuke. Hospitalini hiyo ni dawa halali, inatumika kila siku. Lakini sindano za aina hiyo zimekatazwa wakati wa mashindano, tangu 2022 hata ile ya gotini, na masalio yake hukaa mwilini siku nyingi. Diana Kipyokei, aliyeshinda Boston 2021, alivuliwa taji kwa dawa hiyo hiyo. Kabla hujakunja mkono wa shati, sema kwanza: "Daktari, mimi ni mwanariadha, napimwa." Akuandikie jina la dawa. Ulipeleke ADAK, wale wa kupambana na dawa haramu michezoni, uwaulize. Kama ni lazima utibiwe nayo, kuna kibali cha matibabu kinachoombwa. Weka na ile pakiti. Na siku ya kupimwa, ile fomu ina mahali pa kuandika kila ulichomeza siku saba zilizopita. Andika hata Panadol. Andika hata dawa ya mafua.

Niongee kidogo na dada zangu, wanaume mtatusamehe. Kuna wengine mna mume ambaye ndiye kocha, ndiye meneja, ndiye mwenye namba ya siri ya benki. Anakuambia hii ni vitamini, geuka. Hujui ni nini, na ukiuliza nyumba inawaka moto. Huyo si kocha. Agnes Tirop aliuawa nyumbani kwake Iten Oktoba 2021, mwezi mmoja tu baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita kumi katika mbio za wanawake peke yao, na mumewe akashtakiwa kwa mauaji hayo. Agnes hakuhusika na dawa yoyote, nalisema wazi nisije nikamchafulia jina. Namtaja kwa sababu baada yake wanariadha wenzake walianzisha kikundi cha Tirop's Angels, na ukibanwa nyumbani hadi mwili wako si wako, hao wanajua unachopitia. Watafute. Usingoje ubanwe zaidi.

Narudi kwenye ile "sawa", maana hapo ndipo nilipotaka tufike. Nikikuambia acha dawa bila kukuambia utamjibu nini baba, nitakuwa nimekupa nusu ya ushauri. Wikendi hii nenda nyumbani. Beba ile karatasi ya malipo ya mbio zako, na uwasomee: hii ndiyo zawadi, hiki kilikatwa kodi, hiki ni cha meneja, hiki cha kambi, hiki ndicho kilichonifikia mkononi. Mwambie mjomba utalipa muhula mmoja, si shule yote. Ile arabuni ya ploti kama hujailipa, usiilipe. Wataguna. Mmoja atasema umebadilika tangu uende Ulaya. Guno ni la juma moja, lakini kufungiwa ni kwa ukoo mzima: siku jina lako likisomwa redioni, mama yako ndiye atakayeacha kwenda chamani, na binamu yako ndiye atakayeulizwa darasani. Mchuma janga hula na wa kwao.

Waambie pia kwamba mbio hizi zinataka miaka. Paul Tergat, aliyezoea kufanya mazoezi hapa hapa kwetu Ngong, alishindwa na Haile Gebrselassie katika fainali mbili za Olimpiki, ile ya Sydney kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Akahamia marathoni, na huko mwanzoni pia wakamshinda. Alipovunja rekodi ya dunia Berlin mwaka 2003, 2:04:55, alikuwa na miaka 34. Wewe una ishirini na mitatu na unaniambia umechelewa?

Na wewe uliyekwisha kudungwa, unayesoma haya tumbo likikuuma, sikukusahau. Acha leo, usimalizie kichupa eti kisiharibike. Usitupe simu, usikimbie wapimaji, usitafute mtu wa kukuandikia karatasi za hospitali. Wakikupata, kukiri mapema hupunguza mwaka mmoja, kama alivyopunguziwa Chepngetich. Ukienda mwenyewe kabla hawajakupata, ukasema ni nani aliyekuuzia, unaweza kupunguziwa zaidi, na sheria yetu ya 2016 inamfuata huyo muuzaji hadi jela. Nenda ADAK na mtu mzima unayemwamini, asiwe yule aliyekupa dawa. Lakini kabla ya ADAK mwambie mama, ili asije akasikia kwa majirani. Atalia, na pengine hatakusemesha hadi jioni. Kaa hapo hapo umngoje, kisha mwonyeshe ile karatasi ya hesabu.