Dondoo muhimu: Kusoma majibu ya kipimo cha usingizi

Ukikabidhiwa majibu, tafuta kwanza herufi AHI: ni mara ngapi kwa saa pumzi yako ilikatika au kupungua, kwa sekunde 10 au zaidi kila mara. Kwa mtu mzima, chini ya 5 ni kawaida. 30 na kuendelea ni hali kali. Lakini mwenye 12 anayesinzia kwenye usukani si mgonjwa mwepesi, hata karatasi iseme nini.

Angalia pia oksijeni ilikaa chini ya asilimia 90 kwa muda gani, na kama pumzi hukatika ukilala chali tu. Ikiwa ni hivyo, kulala ubavu huweza kukufaa.

Kwa hali kali, tegemeo ni mashine ya CPAP, inayosukuma hewa kupitia barakoa. Wengi huifungia kabatini mapema kwa sababu barakoa inavuja au inabana pua. Omba saizi nyingine kwanza. Kwa hali nyepesi au ya wastani, kifaa cha mdomoni kinachosogeza taya mbele chaweza kutosha.

Ulipimwa nyumbani, majibu safi, ila bado unaamka umechoka? Omba kipimo cha hospitali. Vifaa vya nyumbani vingi huhesabu hata saa ulizokuwa macho, hivyo AHI hushuka.